Tumbo la Mheshimiwa Radi

Mtu akiingia dukani kwa Peris, pale Brooklyn Park, kununua unga wa muhogo au samaki mkavu, kitu cha kwanza kukutana na macho yake ni tumbo. Liko kwenye kioo cha mlango, limebandikwa kwa selotepu katikati ya matangazo ya vyumba vya kupanga na picha ya mwimbaji wa injili anayekuja kutoka Dallas. Ni tumbo la wino mweusi, limepakiwa kwenye toroli, na toroli linasukumwa na wapiga kura waliokonda, ulimi nje. Mwenye tumbo amekaa juu yake mwenyewe kama mtu aliyekaa juu ya gunia la maharage, anapunga mkono. Chini kumeandikwa: "Mheshimiwa Radi arudi kwa wananchi."

Aliyelichora ni Bahizire, mtu wa Bukavu, mume wa Nsimire, mfuaji wa mashuka katika nyumba moja ya wazee kule Coon Rapids. Ukimkuta kazini na aproni yake ya bluu, akivuta mashuka kutoka kwenye zile mashine zenye midomo kama mapango, huwezi kudhani kwamba mtu huyu mpole, anayeuomba mlango msamaha akiugonga kwa bega, ndiye anayewapakia wakubwa kwenye toroli kila Jumamosi.

Zamani, kabla ya vita, alikuwa mchora vibao. Saluni, maduka ya dawa, baa, mafundi viatu, wote walimjua. Akichora kuku kwenye ukuta wa mkahawa, wateja waliingia wakaagiza yule yule wa ukutani, na mwenye mkahawa alipata kazi ya kueleza. Vita vilipofika yeye na Nsimire walitoka kwa miguu, wakakaa miaka kambini Uganda, kisha siku moja wakapandishwa ndege hadi Minnesota. Uwanjani walipewa makoti mazito, wakaambiwa wasiwe na wasiwasi, baridi yenyewe bado haijaanza.

Na vita vya kwao vilipoisha, au tuseme viliposemekana vimeisha, wakubwa walikutana katika hoteli yenye bwawa la kuogelea wakagawana nchi. Utaratibu ulikuwa rahisi. Aliyefika na bunduki nyingi alipewa wizara. Aliyefika na bunduki chache alipewa unaibu. Aliyefika bila bunduki alipewa amani, akaambiwa aende nayo nyumbani akaitunze vizuri. Komanda Radi alikuwa wa kundi la kwanza. Jina la Radi alijipa mwenyewe porini, na hata alipovaa suti hakulivua. Walimpa Wizara ya Barabara. Ilionekana ana uzoefu, maana wakati wa vita alikuwa amefunga barabara nyingi.

Bahizire alianza kumchora huyo kuliko wengine wote. Na kwa kuwa kwa wachora vibao wa kwao mkubwa asiye na tumbo hatambuliki kuwa mkubwa, alimpa tumbo. Mwaka wa kwanza lilikuwa la kiasi, kama la mwalimu mkuu. Kila kashfa iliposikika aliliongeza. Barabara ya lami ilipojengwa kwenye karatasi tu, tumbo likafika magotini. Daraja lilipofunguliwa mara mbili kwa utepe huo huo, tumbo likahitaji toroli. Wateja wa Peris walizipiga picha hizo kwa simu wakazituma Bukavu. Bukavu wakazituma Kampala, Kampala wakazirudisha Minneapolis, na binamu mmoja akamtumia Bahizire mwenyewe: "Kaka, umeona hii? Huyu mchoraji ni hatari, sijui nani."

Alifurahi, lakini furaha hiyo ilikuwa na kipande kilichopungua. Alichokitaka Bahizire ni kimoja: Radi mwenyewe aione, na imwashe. Watu wote wacheke, halafu yeye mmoja asicheke. Basi. Hakuwa na jaji wala askari wa kumpelekea yule mtu. Alikuwa na kalamu ya wino mzito, na alitaka kujua kama inachoma.

Jumamosi moja alikuwa dukani akinunua dagaa, akaingia Eliezer, prezida wa komite ya jumuiya yao. Eliezer ni mtu ambaye hata akikusalimu unajiona umeingia mkutanoni.

"Papa Bahizire, nilikuwa ninakutafuta. Kuna jambo la protokole."

"Nimefanya nini?"

"Mheshimiwa anakuja."

Peris, aliyekuwa akipima samaki, aliinua kichwa. Yeye ni Mkenya, na siasa za Kongo huzisikiliza kwa hamu ya mtu ambaye za kwao zimempa mapumziko. "Mheshimiwa gani? Si huyu wa toroli?"

"Mama Peris, tafadhali. Anakuja kuonana na wananchi wake wa diaspora. Na, ee, kuna daktari pia atamwona, huko kusini."

"Waziri mzima, kwao hakuna daktari?"

"Yuko Wizara ya Barabara," akasema Bahizire. "Huenda amejenga ya kuja huku."

Peris alicheka mpaka mizani ikasoma vibaya. Eliezer hakucheka. Bahizire akasogea mlangoni, akaanza kuchokonoa selotepu kwa ukucha. "Haya, nimeelewa. Nitaiondoa, nisiwaharibie mapokezi."

"Usiiguse!" Eliezer alimshika mkono. "Ameiulizia. Amesema, kwa sauti yake kwenye simu: niletewe yule mchoraji."

Bahizire alirudi nyumbani bila dagaa. Nsimire alikuwa jikoni akitwanga sombe, majani ya muhogo, na Bahizire alimweleza akiwa bado na viatu vya theluji miguuni, maji yakimtiririka kwenye zulia.

"Imemchoma, Mama! Amekasirika, anataka kuniona uso kwa uso."

Nsimire aliendelea kutwanga. "Mutu akikasirika anaita polisi. Haiti mchoraji. Na weye, toa viatu."

Alienda hata hivyo, amevaa tai. Mheshimiwa alikuwa amefikia kwa Eliezer, kule Lakeville, katika nyumba yenye gereji kubwa kuliko nyumba walizotoka. Sebuleni wanaume wa komite walikuwa wamekaa kwenye ncha za viti. Bahizire alitazama huku na huku akitafuta tumbo. Hakuliona. Kwenye kochi kubwa, katikati ya mito, kulikuwa na mzee mwembamba ambaye shingo yake ilicheza ndani ya kola kama mchi ndani ya kinu. Mkanda ulikuwa umekazwa mpaka ncha yake ikazunguka mgongoni. Bahizire alidhani ni katibu.

"Wewe ndiye Bahizire?" akauliza katibu, na alipocheka yalionekana meno ambayo Bahizire aliyajua. "Karibu, mkubwa wangu. Kaa hapa, karibu na mimi. Eliezer, mpe mutu kinywaji."

Alikuwa na picha ya toroli kwenye simu. Aliitazama, akacheka tena, machozi yakamtoka. Alicheka kuliko Peris.

"Unajua kule nyumbani wanasema nini? Wanasema Radi amekwisha. Radi hafiki mwaka mwingine. Wengine wamekwisha gawana kiti changu, na mimi bado nimekikalia. Halafu kila wiki inaingia picha yako, na mimi nina tumbo! Watu wanasema, aa, kumbe anakula. Anayekula haumwi."

"Lakini Mheshimiwa," akasema Bahizire, "lile tumbo nililichora..."

"La wizi. Najua. Kila mtu anajua. Uzuri wake ndio huo!" Alimpiga paja kwa mkono mwepesi kama jani. "Mwananchi si mjinga. Anasema, huyu amekwisha shiba. Tukimweka mwingine, huyo mwingine ataanza na njaa."

Komite yote ilicheka. Eliezer alicheka kidogo zaidi ya wengine, kwa sababu ya cheo.

Mheshimiwa akaeleza anachotaka. Uchaguzi unakaribia, na picha ya toroli itawekwa kwenye mabango, kutoka ziwani hadi milimani. Ila Jumamosi ijayo, kwenye mapokezi katika ukumbi wa kanisa, Bahizire atachora nyingine mbele ya watu wote, waione inavyozaliwa, na kijana wake ataipiga video. "Tumbo liwe kubwa zaidi. Na hilo toroli lipake rangi, la sasa linanitia aibu."

Bahizire aliendesha gari kutoka Lakeville hadi Brooklyn Park bila kuwasha redio. Kwenye barabara kuu magari yalimpigia honi kwa mwendo wake, naye akawa anawapungia mkono kuomba radhi.

"Ameipenda," akamwambia Nsimire.

"Nani?"

"Radi. Ameipenda. Anaiweka kwenye mabango."

Nsimire alimtazama, kisha akaketi, kisha akacheka cheko la mtu aliyejitahidi kulizuia. "Kwa hiyo miaka yote hii ulikuwa unamlisha! Mimi hapa ninakula sombe na dagaa, mume wangu ananenepesha Radi kila Jumamosi, bure, kwa wino wake mwenyewe!"

"Usinicheke, Mama."

"Nimcheke nani basi? Yeye si amekwisha kujicheka?"

Bahizire alisema atamkomesha. Atamchora alivyo: kile kishingo, ule mkanda, zile suruali zilizojaa upepo. Bukavu nzima waone. Alikwisha kuchukua karatasi, amechora kola na shingo ndani yake, na ilikuwa imefanana hasa, Nsimire alipomwekea kiganja juu ya karatasi.

"Hiyo hapana. Ugonjwa si wake peke yake."

Bahizire alielewa. Kila siku anafua mashuka ya watu wenye shingo kama ile. Kuna bibi mmoja kule kazini ambaye humwita kwa jina la mwanawe, na Bahizire huitika. Alikunja karatasi akaitupa.

"Basi nichore nini? Tumbo analitaka. Wembamba haufai. Niende na karatasi tupu?"

"Mimi siyo mchoraji," akasema Nsimire. "Lakini siku ile darajani, tumbo alikuwa nalo?"

Bahizire hakupenda kuzungumza habari za daraja la Nyakasozi. Ndipo walipopita walipokimbia, na hapo Radi, wakati huo kijana, alikuwa ameweka bariyeri yake: kamba iliyofungwa vitambaa vyekundu kukata barabara. Kila mtu aliacha kitu. Bahizire aliacha sanduku la rangi na brashi zake zote. Nsimire aliacha sufuria kubwa aliyopewa na mama yake siku ya harusi. Aliyekuwa hana kitu aliingizwa ndani ya nyumba ya mlinzi wa daraja, na waliobaki kwenye foleni walitazama chini.

Na Radi mwenyewe hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomshinda Bahizire kulichora miaka yote. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni kilichowekwa katikati ya barabara, mguu juu ya mguu, mwembamba, nadhifu, na kila aliyenyang'anywa alimwinamishia kichwa kidogo, kama mhasibu wa kanisa, akamwambia: "Asante kwa mchango wako."

"Kicheko chake kiko wapi, Mama?" akauliza Bahizire. "Katuni isiyochekesha si katuni."

"Sijui. Weye chora, kicheko kitajitafutia."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Kulikuwa na sombe, bugali, samaki na mchele, na kwaya ya akina mama ikiongozwa na Mama Alice iliimba wimbo uliobadilishwa kidogo, palipokuwa na jina la Bwana pakaingizwa la Mheshimiwa, kwa mkopo tu. Eliezer alisoma risala. Aliita vita "changamoto zilizopita" na Radi "mjenzi wa madaraja." Mtoto mmoja aliuliza kwa Kiingereza chakula kinaanza lini, na hilo ndilo swali pekee lililoulizwa siku hiyo.

Mbele, nyuma ya kipaza sauti, walikuwa wameweka ubao wa miguu mitatu na karatasi kubwa. Bahizire akaitwa, akapigiwa makofi. Mheshimiwa alimkonyeza, akasimama mbele ya kipaza sauti, mgongo wake ukielekea kwenye ubao, ili video imchukue yeye na mchoro kwa pamoja.

Bahizire alianza na kiti. Kiti cha sebuleni, chenye mikono ya mbao. Watu wakatabasamu, wakingoja kitakavyovunjika chini ya tumbo. Juu ya kiti akaketisha kijana mwembamba, mguu juu ya mguu. Mtu akanong'ona: "Huyo ni nani?" Kisha akachora kamba yenye vitambaa. Hapo manong'ono yakakatika. Akachora nguzo za daraja, moja ikiwa imevunjika juu, kama ilivyokuwa. Akachora foleni: mwanamke na mtoto mgongoni, mzee na baiskeli, mtu mwenye godoro kichwani. Mama Alice, aliyekuwa anachezea shanga zake shingoni, aliacha mkono hapo hapo.

Radi alikuwa anahutubia. Alisema kampeni ni gharama, nchi inajengwa na wenyewe, na kwamba hamlazimishi mtu, kila mmoja atoe alichojaliwa. Vijana wa komite wakaanza kupitisha vikapu kwenye meza, kutoka safu ya mbele kwenda nyuma.

Bahizire alichora duara mdomoni mwa kijana wa kwenye kiti, akaandika ndani yake maneno yale ya darajani, kwa herufi za vibao, nene, za kusomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Akafunika kalamu.

Na Mheshimiwa Radi, ambaye hakuwa na macho kisogoni, akawainamishia watu kichwa kidogo, kama mhasibu wa kanisa, akasema kwenye kipaza sauti: "Asanteni kwa mchango wenu."

Mwanzoni alicheka mtu mmoja tu, sauti ya kike, na Bahizire aliijua ni ya nani. Kisha wakacheka akina baba wa meza ya nyuma. Kisha ukumbi wote ukaanguka. Si kicheko kizuri. Kulikuwa na watu ndani yake waliokuwa wakilia, na mmoja aliyekuwa akipiga meza kwa ngumi. Radi akafungua mikono, akicheka pamoja nao, maana alijua wameliona tumbo. Akageuka kulitazama.

Alitazama muda mrefu. Kipaza sauti kilikuwa bado wazi.

"Tumbo liko wapi?" akauliza.

"Wakati ule hukuwa nalo, Mheshimiwa," akasema Bahizire, kwa adabu.

Watu waliendelea kucheka. Yeye mmoja hakucheka. Alisogea kwenye karatasi akainyooshea mkono kana kwamba ataichana, lakini kijana wake alikuwa bado anapiga video, kwa uaminifu, kama alivyoagizwa. Mkono ukarudi. Akasema amechoka, daktari amemkataza kusimama. Wakamshika, wakamtoa kwa mlango wa jikoni, akipita katikati ya masufuria. Vikapu vilibaki juu ya meza pale vilipofika, na polepole, bila mtu kusema neno, mikono ikaanza kuingia na kuchukua kilicho chake.

Wiki nzima Eliezer hakupokea simu ya mtu. Alituma ujumbe mmoja kwenye kundi la jumuiya kwamba komite haihusiki na "sanaa iliyopotea njia," na akampigia Peris kumwomba asibandike kitu hicho dukani, kwa ajili ya umoja.

"Prezida," Peris akamjibu, "umoja ni wenu, kioo ni changu. Njoo ununue samaki."

Basi Jumamosi iliyofuata karatasi ile ikabandikwa. Ilikuwa kubwa, ikafunika vyumba vya kupanga na mwimbaji wa Dallas pia. Na watu walikuja, ila hawakuja kucheka. Walisimama mbele yake wakiwa bado na kofia za sufu, wakamtafuta Bahizire.

"Papa, mimi ulinisahau. Mimi walinichukulia redio. Iweke hapa, chini ya kiti."

"Sisi ilikuwa mbuzi wawili. Mmoja alikuwa na doa usoni. Hapana, upande ule mwingine."

"Mimi cherehani."

Mama Alice alimvuta pembeni, akamwomba achore mlango wa nyumba ya mlinzi wa daraja, mlango tu, umefungwa. Bahizire aliuchora bila kuuliza, na hakuna aliyeutania.

Chini ya kiti cha Radi rundo likapanda mpaka miguu yake ikaonekana inaning'inia hewani kama ya mtoto. Hapo ndipo kicheko kilipoanza kurudi, na Peris akatoa kiti nyuma ya kaunta ili mchoraji akae.

Jioni, watu wakipungua, mlango ulifunguliwa. Ni Eliezer. Alizunguka rafu ya unga, akashika chupa ya mawese akaisoma kama risala, akairudisha. Kisha akasogea taratibu hadi kwenye kioo.

"Kihistoria," akasema, "ili kumbukumbu iwe kamili, hata mimi nilipita Nyakasozi."

"Pole, Prezida," akasema Bahizire. "Walichukua nini?"

Eliezer alikohoa. "Friji."

Nsimire, aliyekuwa akichagua ndizi, aligeuka na chane zima mkononi. "Eliezer! Wewe tumekulia kijiji kimoja! Ulikuwa na friji lini? Umeme ulitoka wapi?"

"Ilikuwa ya mafuta ya taa."

"Na uliibeba vipi? Kichwani?"

"Mama Nsimire, hayo ni maswali ya kiufundi."

Peris alikuwa ameinamia kaunta, mabega yakitetemeka. Bahizire yeye hakucheka. Alifungua kalamu, akatafuta nafasi iliyobaki kwenye rundo, kati ya mbuzi na cherehani.

"Prezida, mlango wake ulikuwa unafungukia upande gani?"

Eliezer aliinua mkono wa kulia, akaushusha. Akainua wa kushoto. Akasimama hapo na koti lake zuri, macho amefumba, akiikumbuka.